Kovu la Kobe

“Kitu kikipita mbele ya macho haya mara moja tu, kimeshaacha jina lake, anwani yake na jina la mama yake mzazi,” alisema Darubini, akawageuzia wote watatu hayo macho ili wayaone vizuri.

Hakuna aliyeyaona. Mkuu wa kituo, mama mnene mwenye sauti ndogo ambayo watu hulazimika kunyamaza ili waisikie, alikuwa anatafuta mahali pa kukaa pasipo na vumbi la bati. Mwenye duka la sanamu alikuwa anajifuta jasho shingoni. Na binti wa marehemu msubu, yaani fundi wa kuyeyusha na kumimina bati, aliyetolewa mahabusu akiwa bado na aproni aliyokamatwa nayo, alikuwa anakagua jinsi karakana ya baba yake ilivyopekuliwa na watu ambao inaelekea kwao hawajawahi kuambiwa warudishe kitu mahali pake.

Darubini ni jina alilobandikwa na wenzake kituoni. Waliombandika hawakuwa na nia njema, lakini yeye alilipokea kama nishani, akalivaa mpaka likamkaa.

Juu ya meza, kwenye gazeti, walikuwa wamepangwa kobe. Kobe wa bati, kila mmoja anaenea kiganjani, kila mmoja na jozi ya mabawa mgongoni kana kwamba amechoka kuchekwa na sungura akaamua kupanda ndege. Marehemu msubu ndiye aliyewabuni, yeye na jamaa zao wengine: punda mwenye mkia wa samaki, chura mwenye pembe, joka wa vichwa viwili ambavyo havitazamani. Wakusanyaji waliwagombania wote, ila kwa ajili ya kobe waliweza hata kununiana. Basi mzee alipoona mkono umeanza kutetemeka akatangaza kwamba kobe hasubiwi tena. Aliye naye anaye, asiye naye atajiju. Akafa akiwa ameshika neno lake, karakana na kalibu zote akamwachia binti.

Sasa kobe walikuwa wanazuka kila kona ya mji kama uyoga. Mwenye duka alikuwa ameshawauza kadhaa kwa kiapo kwamba ni wa zamani, na wateja wakarudi wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Kalibu ya kobe ilikuwa moja tu duniani, tena kabatini mwa binti. Binti anaapa hajawahi kumimina hata tone. Kilichokuwa kinasubiriwa ni taarifa ya Darubini: akitia sahihi, jioni ile binti anafunguliwa mashtaka, na kalibu zote za baba yake, punda, chura, joka na kobe, zinabebwa kuwa vielelezo na kuishia kwenye tanuri la kuyeyusha.

Darubini alimpindua kobe mmoja tumbo juu, akamwekea kioo cha kukuzia. Alieleza kwa raha zake, huku goti lake likicheza chini ya meza, maana hajawahi kukaa mahali akatulia. Kalibu ni chuma vipande viwili, alisema, vinakumbatiana, bati linamiminwa katikati. Vipande vinapokutana hubaki uzi mwembamba ubavuni, huo ndio mshono. Lakini hapa tumboni, karibu na mkia, kuna kingine: mstari mdogo kama unywele, umeinuka. Siku moja kisu cha mzee kiliteleza kikakwaruza chuma ndani ya kalibu, na tangu hapo kila kobe aliyezaliwa humo alizaliwa na unywele huo. Wale wa zamani, waliopangwa upande huu wa meza, wanao. Hawa wapya pia wanao. Kwa hiyo mama yao ni mmoja.

“Na mama yao yuko kabatini mwako, dada,” alimalizia.

“Umemaliza, kaka?” binti aliuliza. “Kama umemaliza, naomba moto.”

Mwenye duka aliruka. Alitaka kujua ni nchi gani ambako mtuhumiwa akiomba moto anapewa. Mkuu alimjibu kwa ile sauti yake ndogo kwamba ni hii, na kwamba kama ana hofu anaweza kwenda kukaa nje kwenye gari. Akabaki.

Binti aliwasha jiko la gesi, akaweka sufuria ndogo ya kuyeyushia, akadondosha vipande vya bati. Kalibu ya kobe aliitoa kwenye kitambaa, akaipuliza, akaipaka masizi ya mshumaa ndani, akaibana kwenye jiliwa. Hakuwa na haraka. Darubini alisimama, akakaa, akasimama tena, akaenda dirishani kuona kama gari bado lipo, akarudi. Binti alimwambia kwamba bati likiona mtu ana wasiwasi huwa linachelewa kuyeyuka. Mkuu alicheka, kisha akajifanya amekohoa.

Bati lilipogeuka kioo, binti alilimimina kwa mkupuo mmoja. Wakangoja. Akafungua jiliwa, akaachanisha vipande vya kalibu, akamtoa kobe kwa koleo na kumweka mezani, bado ana moto, bado ana kipande cha bati kwenye kwapa mahali lilipoingilia.

“Mlinganishe,” alisema. “Si una macho.”

Hapo lazima tumpe mtu haki yake. Darubini ni mtu wa majigambo, ana kiherehere, na ofisini hawezi kupita kioo bila kujisalimia, lakini kazi anaijua. Alimngoja kobe apoe, akatoa kalipa, ile koleo ya chuma yenye vipimo, akambana kobe mpya wa binti kuanzia pua mpaka mkia. Kisha akambana mmoja wa wale wa sokoni. Alisoma, akafuta kalipa kwa shati, akasoma tena. Akawabana wengine wa sokoni mmoja mmoja, na goti likaacha kucheza.

Kobe wa sokoni walikuwa wadogo. Tofauti yenyewe kidogo tu, jicho la mtu wa kawaida haliioni, lakini wote walipungua sawasawa.

“Wamesinyaa,” alisema.

Mwenye duka aliuliza bati linasinyaaje, ni nguo? Darubini hakumsikia. Alikuwa ameshashika mkia wa jambo, na akishashika mkia huwa hasikii kitu. Alieleza haraka haraka, maneno yakikanyagana: bati likipoa hupungua kidogo. Kobe aliyetoka kwenye kalibu ya mzee amepungua mara moja. Ukimchukua kobe huyo, ukamfinyangia kalibu mpya juu ya mwili wake, ukamimina humo, mtoto atapungua mara ya pili. Ndiyo maana unywele wa tumboni wanao, wameurithi kwa kobe waliyenakiliwa kwake. Lakini hawajawahi kuiona kalibu ya kabatini.

“Kwa hiyo si mimi,” alisema binti.

“Ngoja kwanza.” Alikuwa ameinamia bawa. “Inaweza kuwa wewe kwa kalibu nyingine. Nataka kujua amenakiliwa kobe yupi.”

Akawageuza kobe wa sokoni mabawa juu. Kwenye bawa la kushoto, pale linapoota mgongoni, kila mmoja alikuwa na ufa mdogo. Kobe mpya wa binti hakuwa nao. Wale wa zamani hawakuwa nao. Na ufa huu haukuinuka kama unywele. Ulikuwa umezama.

Darubini alipiga meza kwa kiganja, kobe wakaruka kidogo kana kwamba wanajaribu mabawa. “Kilichoinuka kilikwaruzwa kwenye kalibu,” alisema. “Kilichozama kilikuwa kwenye mwili wa kobe mwenyewe. Mkuu, kuna kobe wa kweli mahali fulani aliyevunjika bawa la kushoto akaungwa. Likaungwa vibaya, limeinama kidogo, tazama. Aliyemuunga ndiye aliyekaa naye muda wa kutosha kumfinyangia kalibu. Tukimpata mwenye kobe tu, atatwambia alimpeleka kwa fundi gani, na kesi imekwisha. Tunatafuta mtu ambaye kobe wake ana ufa uliopinda hivi, kama...”

Akasita.

“Kama nini?” Mkuu aliuliza.

“Kama ndoana,” alisema Darubini, na sauti yake ilikuwa imeshatoka chumbani kabla yake.

Maana ufa ule alikuwa ameushika mkononi. Miezi kadhaa nyuma, siku ambayo mkewe alikuwa ametoka, Darubini alisimama sebuleni mbele ya kioo cha kabati akifanya mazoezi ya kuchomoa pingu kwa mkono mmoja, kwa madaha, jinsi atakavyomkamata mtu mashuhuri siku atakapopatikana. Pingu zilichomoka vizuri sana. Zilizunguka hewani, zikamkumba kobe wa mkewe, zawadi aliyopewa na shangazi yake, bawa likaenda huku na kobe kule. Alimpeleka kuungwa upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua, akamrudisha kabatini, na mke hakuuliza kitu. Darubini aliihesabu ile kuwa moja ya operesheni zake safi.

Alimwambia Mkuu kwamba kuna jambo anataka kwenda kulihakikisha, dakika chache tu. Mkuu alitaka kujua jambo gani. Alisema ni la kitaalamu. Binti alimtazama alivyokuwa anakusanya vitu vyake, kalipa ikaingia mfuko wa shati, ikaanguka, ikaingia tena.

“Kaka, umepatwa na nini? Ulikuwa unaniokoa vizuri tu.”

Nyumbani alifungua kabati bila kuvua viatu. Kobe alikuwepo, bawa la kushoto limeinama, ndoana pale pale. Alimbana kwa kalipa. Akasoma. Akamwambia kobe kwa sauti ya chini neno ambalo hatutaliandika.

Alikuwa mdogo.

Alichukua kisu akakwaruza ndani ya ufa kutafuta gundi. Hapakuwa na gundi, palikuwa na bati tupu. Ule haukuwa ufa, ulikuwa picha ya ufa. Kobe huyu hakuwahi kuvunjika maisha yake yote. Na Darubini alikuwa amempita kila asubuhi, amemfuta vumbi, amewaonyesha wageni, tena siku moja alimshika kwenye mwanga akamweleza shemeji yake namna ya kumtambua kobe halisi.

“Tangu lini kobe akapimwa kama bwana harusi anayeshonewa suti?”

Mkewe alikuwa mlangoni, kitambaa cha jikoni begani. Darubini alisema ni kazi, anafananisha tu.

“Basi mfananishe ukiwa umevua viatu, baba. Na shangazi anakuja Jumapili, akimkuta huyo ana mikwaruzo utamweleza wewe mwenyewe.”

Aliondoka na mpango. Hakuwa mtu mbaya, na hakutaka binti aozee ndani. Alitaka tu kutangulia. Angefika kwa fundi peke yake, ambane, amtoe kobe wa kweli, aipate kalibu ya wizi, kisha alete kila kitu mezani kwa Mkuu bila kulazimika kutaja kobe alikuwa wa nani. Mwenye kobe angeandikwa kuwa raia mwema ambaye hakutaka jina lake litajwe. Alikuwa ameshaanza kumpenda huyo raia mwema, mpaka alipofungua geti akakuta gari la kituo limesimama, Mkuu mbele, binti nyuma.

Mkuu alisema ameuliza mjini ni nani anayeunga vitu vya bati. Yuko mmoja, wanamwita Fundi Gundi. “Panda,” alisema. “Uliyaeleza vizuri sana mambo ya ufa. Nataka uandike maelezo wewe.”

Njia nzima Darubini alishusha kioo cha dirisha na kukipandisha. Alisema labda wangepitia kwanza kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Akasema labda fundi huyo amehama. Mkuu akamuuliza amejuaje yuko wapi hata ajue amehama, na Darubini akarudia kioo chake.

Kibanda cha Fundi Gundi kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Vikombe vilivyoungwa mikono, miwani yenye miguu miwili tofauti, redio iliyofunguliwa tumbo. Fundi alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti cha mtoto. Aliwakaribisha bila kuacha kazi, mpaka alipofika kwa aliyejibanza nyuma ya binti, kofia imeshushwa mpaka nyusi. Msasa ukasimama. Halafu fundi akatabasamu taratibu, kama mtu aliyekuta nauli ya kurudia kwenye mfuko wa suruali ya zamani.

Alimsikiliza Mkuu kwa adabu zote. Kobe? Hapana, mama, yeye ni mtu wa vikombe na miwani. Hajawahi kumuona kobe mwenye mabawa isipokuwa kwenye madirisha ya maduka ya wakubwa. Watafute tu, nyumba ni yao. Walitafuta. Darubini alitafuta kwa bidii kupita wote, alifungua hadi mkebe wa sukari. Hapakuwa na kobe, hapakuwa na kalibu. Kulikuwa na unga mweupe wa jasi chini ya benchi, ule unaoweza kufinyangiwa kalibu, lakini fundi alisema jasi anaitumia kuzibia ukuta, na ukuta kweli ulikuwa umezibwa.

Mkuu alirudi katikati ya chumba, akamgeukia binti badala ya fundi. Alimweleza hali ilivyo bila kuizungusha. Jasi si ushahidi. Ufa ni ushahidi mzuri, lakini unasema tu kwamba kuna fundi fulani na kobe fulani. Bila mtu wa kusema nilimleta kobe wangu hapa, mikononi mwa huyu, yeye Mkuu hana haki ya kumgusa fundi. Na mwendesha mashtaka hatangoja. Mtu pekee mwenye kalibu inayojulikana ni binti mwenyewe. Itabidi warudi kituoni.

Binti alikubali kwa kichwa. Alianza kufungua aproni, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akauliza kama kituoni kuna mtu anayeweza kumtunzia ili isichukuliwe pamoja na kalibu. Ilikuwa ya baba.

“Mimi siwezi kumzulia mtu,” alisema Fundi Gundi, akimtazama Darubini moja kwa moja. “Lakini kama kuna mtu humu aliyewahi kuniletea kobe, si aseme? Sote tupo.”

Kilikuwa chumba kidogo. Darubini alikuwa ameshika ubao wa kuandikia na kalamu, ametia tarehe, ametia mahali. Alifungua mdomo. Aliona sura ya mkewe, sura ya shangazi, sura za wenzake kituoni watakavyomtafutia jina jipya. Akaufunga. Akajiambia anapanga maneno. Akaufungua tena, na bado alikuwa anayapanga pazia lilipovutwa akatoka mama yake fundi, bibi mfupi mwenye kikombe cha chai ambacho mkono wake ulikuwa umeungwa mara nyingi.

“Nimesikia sauti nikajua ni wageni,” alisema. Akawasalimu mmoja mmoja, Mkuu, binti, kisha akainamisha kichwa kuchungulia chini ya kofia. Uso wote ukamfunguka. “Mwalimu. Kumbe ni wewe umejificha huko. Wanafunzi wa muziki hawajambo?”

Mkuu aligeuka nyuma kutazama kama kuna mwalimu aliyeingia. Hapakuwa na mtu.

“Mama, rudi ndani,” alisema fundi.

“Nirudi ndani na mgeni wangu yuko hapa? Huyu si yule mwalimu wa kobe.” Akamshika Mkuu mkono, akimweleza kama mtu anayemsifu kijana wa jirani. Alikuja, masikini, kobe amemfunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, bawa liko kwenye mfuko wa shati. Alisema anafundisha kinanda. Aliwaomba kwa jina la Mungu mkewe asijue, mpaka yeye bibi akamwonea huruma akamchemshia chai. Na kila alipokuja kumfuata kobe akaambiwa arudi kesho, mpaka yeye mwenyewe akamgombeza mwanawe: kobe wa mwalimu unamfanyia nini siku zote hizo na hiyo jasi yako, mrudishie mwenzio aende zake.

Fundi Gundi aliuweka chini mguu wa kiti.

Binti alimtazama Darubini, na ajabu ni kwamba hakucheka, ingawa alikuwa na haki ya kucheka kuliko wote. Aliikunjua aproni akaivaa.

“Andika,” alisema Mkuu. Sauti yake ilikuwa ndogo hata kwa kipimo chake. “Kama alivyosema, bila kupunguza. Na mahali pa jina la mwalimu, weka jina lako kamili.”

Darubini aliandika. Mkono wake, ambao haujawahi kutulia, ulitulia sasa. Aliandika taulo, aliandika kinanda, aliandika jasi. Binti alisogea kando kidogo ili mwanga wa mlangoni uifikie karatasi.

Bibi alikuwa bado anamwangalia kwa upole, chai ikimpoa mkononi.

“Na huyo uliyerudishiwa, mwanangu,” alimuuliza, “hakuna aliyegundua pale nyumbani?”

Mkuu alisema na hilo liandikwe. Aliliandika swali lote, neno kwa neno. Jibu aliliachia nafasi.